Taa za Noeli: Safari Yangu ya Kwanza Kutoka Kisenge

Kwetu Kisenge, nchini Kongo, mwanga wa usiku una kazi yake. Koroboi ni ya mtoto anayemalizia zoezi la hesabu. Tochi ni ya kumulika njia ya kisimani, au ya kumwendea mkunga usiku wa manane. Kibao cha sola juu ya bati ni cha kuchaji simu, na mwenye nacho huwatoza majirani. Wazee waliofanya kazi kwenye mgodi wa manganizi husimulia kwamba enzi za kampuni ya Bécéka-Manganèse, miaka ya 1950, kambi ya wafanyakazi ilikuwa na taa, ila hata hizo zilikuwa za kazi, ziliwaka ili zamu ya alfajiri isichelewe. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, iliyokuwa ikipeleka manganizi yetu bandarini Lobito. Mauzo yakakwama, mji ukarudi kwenye jembe. Watoto ninaowafundisha leo huchora treni, migomba na mashimo ya mgodi. Sijapata kumwona hata mmoja akichora nguzo ya taa ya barabarani.

Kwa hiyo Mama Mdogo aliponipigia simu kutoka Kolwezi, sikuhitaji kubembelezwa. “Mwanangu, mwaka huu uje ule Noeli na sisi,” alisema. “Baba yako mdogo amepata likizo. Tutakaa hapa kidogo, kisha twende wote Lubumbashi kwa bibi. Utaziona taa.” Mpaka siku hiyo mwisho wa dunia yangu upande wa mashariki ulikuwa Kasaji. Nilikuwa nikiwafundisha watoto ramani ya mkoa wetu wa Lualaba tangu ulipomegwa kutoka Katanga mwaka 2015, nikiwaonyesha Kolwezi kwa ncha ya fimbo. Sasa nilikuwa nakwenda kukanyaga pale fimbo ilipogusa.

Kutoka Kisenge hadi Kolwezi ni karibu kilomita 300. Kwenye ramani ni mstari mfupi, lakini Desemba ni mwezi wa mvua, na barabara ya mvua haina mstari. Nilipanda lori lililobeba mihogo mikavu, madumu ya asali na mbuzi wawili. Abiria tulikaa juu ya magunia, kila mmoja ameshika kamba. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka asali ya msitu sokoni alinipa nafasi kando yake, akanifundisha kulegeza mwili lori linapoyumba. “Ukikaza mgongo, barabara itakuvunja,” aliniambia. “Uifuate.” Tulipita Kasaji nikiwa bado natazama vitu vya kawaida: nyumba za tofali za kuchoma, mihogo, kanisa, reli inayotokea vichakani na kupotelea vichakani. Baada ya Kasaji kila kilima kilikuwa kipya kwangu. Lori lilipozama kwenye tope, wanaume waliteremka kukata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, na sisi wengine tukaokota uyoga ukingoni mwa njia. Jioni tuliinjika sufuria, tukala bukari na uyoga ule.

Tulilala Mutshatsha. Wazee wanaukumbuka mji huo kwa vita vya mwaka 1977, wapiganaji walipouteka wakitokea Angola. Mimi niliukuta mji umetulia, mvua inapiga mabati, na wimbo wa kwaya unatoka kwenye kanisa lisilo na taa. Walikuwa wakifanya mazoezi ya Noeli gizani, kila mtu na sauti yake kichwani. Hivyo ndivyo tunavyoimba na sisi. Niliwasikiliza nikiwa nimejifunika turubai, nikajisikia bado nyumbani.

Kolwezi ilijitangaza angani kabla hatujafika. Giza lilikuwa limeshaingia, na mbele yetu tumbo la mawingu lilikuwa la rangi ya chungwa. Mama wa asali alisema kwa utulivu wa mtu aliyeiona safari hiyo mara nyingi, “Ile ni migodi. Hailali.” Kadiri tulivyosogea, rangi ile ya chungwa iligawanyika kuwa milingoti yenye taa kali nyeupe, imesimama juu ya mashimo mapana kuliko mji wetu mzima, na chini yake malori makubwa ya kubebea mawe yakipanda na kushuka kwa mzunguko. Nilistaajabu, na nilitishika pia. Sikuwahi kufikiri kwamba usiku unaweza kuondolewa mahali kama mtu anavyoondoa turubai. Hata hivyo niliutambua mwanga ule. Ulikuwa ndugu mkubwa wa tochi yetu, mwanga wa zamu.

Mambo yalibadilika tulipoingia mjini. Lori lilipunguza mwendo kwenye barabara ya maduka, na hapo nikaona kitu ambacho macho yangu hayakujua yakiweke kundi gani. Juu ya mlango wa duka la vitambaa palining'inia nyuzi za taa ndogondogo, nyekundu, kijani, buluu na njano, zimeshuka kwa mistari sambamba hadi usawa wa kichwa cha mtu. Ng'ambo ya barabara nyuzi nyingine zilikuwa zimezungushwa kwenye shina la mti tangu mizizi hadi matawi, safu juu ya safu, kama shanga za mwali anayetolewa kuchezwa. Hoteli moja ilikuwa imejichora yote kwa mwanga, madirisha, paa na ngazi, na juu yake nyota inazimika na kuwaka. Hakuna taa hata moja kati ya hizo iliyokuwa ikimwonyesha mtu njia wala kulinda mali. Hakuna aliyekuwa akisoma wala kuchimba kwa mwanga wake. Ziliwaka ili zitazamwe. Sijui nilisimama juu ya magunia muda gani, lakini ilibidi dereva agonge bodi ya lori ndipo nikateremka.

“Umezitazama?” Mama Mdogo aliniuliza aliponipokea, hata kabla ya kuniuliza habari za nyumbani. Nilimjibu kwa kucheka tu.

Jioni iliyofuata alitutoa sote nje, mimi na wadogo zangu wa pale, tumeoga na kuvaa. Kumbe hiyo ndiyo desturi. Wiki ya Noeli ikifika, jioni mvua ikikatika, watu hutoka kutembea tu. Kwetu mtu akitembea usiku huulizwa, “Kuna msiba?” Hapa familia nzima zilikuwa barabarani bila msiba na bila safari, baba amembeba mtoto mabegani, wasichana wameshikana mikono, vijana wa pikipiki za abiria wamepunguza mwendo ili nao watazame. Moshi wa michopo ulikuwa ukipanda kutoka kwenye majiko ya pembeni, na juu ya moshi huo rangi za taa zilikuwa zikibadilika. Barabara ilikuwa na madimbwi ya mvua ya mchana, na kila dimbwi lilikuwa na taa zake. Watoto waligundua kwamba ukilirukia dimbwi rangi zinavunjika, kisha zinarudi. Walirudia mchezo huo hadi Mama Mdogo akachoka kuwakemea.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa dirisha la duka moja kubwa. Ndani yake walikuwa wametandaza pamba nyeupe, wakapanda mti wa plastiki wenye miiba, na kando yake Papa Noeli wa kimo cha mtu, mwenye koti zito jekundu lenye manyoya, buti na glavu. Sisi tuliokuwa nje tulikuwa tumevaa nguo nyepesi, na jasho lilikuwa likitutoka kwa joto la baada ya mvua. Mdogo wangu wa miaka sita aliuliza, “Yaya, mbona anaumwa baridi?” Nilimweleza kwamba Ulaya Noeli huangukia wakati wa baridi kali, usiku ukiwa mrefu kupita mwaka wote, na maji ya angani huganda yakashuka meupe. Kwetu baridi ni ya Juni na Julai, na mchana wa Desemba ni mrefu kuliko wakati wowote. Alifikiri kidogo, akasema basi Papa Noeli angevua koti akifika hapa. Naona mtoto alisema kweli. Katika mapambo yote yale theluji ndiyo iliyokuwa ngeni, lakini taa zilikuwa zimeshakuwa za wenyeji. Chini yake watu walikuwa wakila michopo, wakinywa munkoyo, wakiamkiana kwa Kiswahili, Kilunda na Kichokwe.

Na mvua ya Katanga ilileta pambo lake yenyewe. Tulipokuwa tukirudi, kumbikumbi walitoka ardhini. Waliziacha nyuzi za rangi, wakaivamia taa moja kubwa nyeupe iliyokuwa juu ya lango la ghala, maelfu kwa maelfu, mabawa yao yakimetameta hadi mlingoti ukapotea. Mara akina mama walitokea na mabeseni ya maji wakayaweka chini ya taa, na watoto wakaanza kukusanya kwa mikono. Kwetu tunawavizia kwa moto wa majani mbele ya kichuguu. Hapa taa ya mji ilifanya kazi ya moto wetu. Tuliwakaanga usiku uleule kwa chumvi bila mafuta, maana wana mafuta yao. Nilipowala nilihisi kwamba Kisenge na Kolwezi si mbali kama nilivyoambiwa na barabara.

Baba Mdogo ni fundi umeme, na nilikuwa nimemwekea maswali. Asubuhi alinimwagia mezani mkufu wa taa uliochakaa, akaukata kwa kisu na kunionyesha ndani. Chini ya plastiki mlikuwa na nyuzi nyembamba nyekundu za shaba, nyembamba kuliko unywele wa mbuzi. “Hii ndiyo tunayochimba,” alisema. Akanieleza kwamba zamani mikufu ilikuwa na balbu za waya wa moto zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, zikigawana umeme wa ukutani. Balbu moja ikiungua, njia inakatika na mkufu wote unalala, na fundi anazijaribu moja moja hadi ampate mgonjwa. Za siku hizi ni chembe za LED. Hazina waya wa kuungua, zinakula umeme mdogo sana, na hazichomi kidole wala jani la mti. Ndiyo sababu hata mwenye kibanda cha sabuni anaweza kuzining'iniza. Aliongeza kwamba rangi ya buluu ndiyo iliyochelewa kupatikana, na bila hiyo buluu, nyeupe haikuwezekana. Hapo nikachangia niliyowahi kusoma, kwamba wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo ya buluu. Nikamwambia pia kwamba taa za umeme kwenye mti wa Noeli zilianza mwaka 1882 mjini New York, pale Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipofunga balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu kwenye mti wa nyumbani kwake. Baba Mdogo alitikisa kichwa kwa furaha. “Balbu 80!” alisema. “Mtaa wetu huu una nyingi kuliko hizo.”

Kisha alinipeleka nje kidogo ya mji nikatazame nguzo ndefu za chuma zinazotoka upande wa kaskazini-magharibi. Ni laini ya Inga, iliyoanza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inabeba umeme kutoka maporomoko ya mto Kongo, karibu na bahari ya Atlantiki, umbali wa kilomita 1,700 hivi, na wakati ilipojengwa hapakuwa na laini ya aina yake ndefu kama hiyo duniani. Umeme wake hugeuzwa kule Inga kuwa wa mkondo mmoja, kisha hurudishwa kuwa wa kawaida hapa Kolwezi. Kwa sababu hiyo kijiji kilichoko njiani hakiwezi kuunganishwa hivihivi. Umeme unawapita watu juu ya vichwa vyao, unakuja migodini. Nilimuuliza kama waya zile nene nazo ni za shaba. Alisema hapana, laini za juu hutumia alumini kwa kuwa ni nyepesi. Shaba iko ndani ya mashine, ndani ya nyumba na ndani ya mikufu ile ya mapambo. “Lakini nguzo ni za chuma cha pua,” aliendelea, “na chuma cha pua hakitengenezwi vizuri bila manganizi. Kwa hiyo na ninyi mmo.” Alinikumbusha vilevile kwamba betri za kawaida za tochi hujazwa manganizi. Miaka yote nimeshika tochi gizani bila kujua kwamba mkononi nimeshika kitu cha aina ileile iliyochimbwa kwetu.

Kutoka Kolwezi tulisafiri kwa basi, nami nikapata dirisha. Baada ya tope la Mutshatsha, lami ilinipa usingizi, lakini nilikataa kulala. Tulivuka mto Lualaba, ule ulioupa mkoa jina, ambao ukiufuata utakuchukua hadi uwe mto Kongo wenyewe. Kwenye mto huo ndiko liliko bwawa la Nzilo, na chini zaidi lile la Nseke, yote mawili ya miaka ya 1950, yaliyojengwa ili kuendesha viwanda vya shaba. Barabara ilikuwa imejaa malori. Yaliyokuwa yakielekea upande mmoja nasi yalibeba bamba za shaba safi zimepangwa kama madaftari, rangi ya waridi iliyofifia, zikienda mpaka wa Kasumbalesa na bandari za mbali. Nilizitazama nikiwa na ule mkufu uliokatwa mfukoni. Baadhi ya bamba zile zitavuka bahari, zitavutwa kuwa uzi, zitafungwa plastiki na kutiwa chembe za rangi, na siku moja zitarudi katika sanduku la katoni kwenye duka la Kolwezi, ziuzwe kwa faranga kwa jirani wa shimo zilikotoka.

Tulipita Fungurume, vilima vyake vimekatwa ngazi kwa ngazi, kisha Likasi, mji wa miti mikubwa na nyumba za zamani za Wabelgiji, uliowahi kuitwa Jadotville. Baada ya Likasi wauza uyoga walikuwa wamesimama kandokando ya njia. Uyoga wa msimu ule una kofia ambayo mtoto anaweza kujifunika nayo mvua. Basi zima lilinunua, na harufu ya udongo wa mvua ikatufuata hadi Lubumbashi.

Tuliingia Lubumbashi mchana wa mkesha wa Noeli. Nilikuwa nimeusikia mji huu tangu utoto, na ulinipokea kwa alama yake, bomba refu la moshi la tanuri la zamani la kuyeyushia shaba la kampuni ya Union Minière na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Miti ya barabarani ilikuwa imechanua maua mekundu ya Desemba, kana kwamba imeambiwa kuna sikukuu. Bibi alitulisha kuku, sombe na bukari, akanishika mashavu, akaniambia nimekonda kwa vumbi la Kisenge. Jua lilipoelekea kuzama alisema, “Nendeni. Mimi nimeshaziona miaka mingi. Mkamwonyeshe mgeni.”

Ninachokumbuka kwanza kuhusu katikati ya Lubumbashi usiku ule ni watu. Kuelekea uwanja wa Posta njia zilikuwa zimejaa kama siku ya soko, ila hakuna aliyebeba mzigo. Maduka yalikuwa yamevaa taa kutoka paa hadi lami. Mengine yalikuwa na miti ya chuma iliyofungwa mikufu ya kijani, mengine nyota, kengele na wanyama wa zizini waliochorwa kwa mwanga. Wapiga picha walikuwa wameshika kila pembe yenye taa nzuri. Watu walipanga foleni kupigwa picha chini ya nyota, bibi arusi wa siku ile, kikundi cha wauguzi wakiwa bado na sare zao, kijana mmoja mchimbaji aliyekuja na mama yake amemvalisha kikwembe kipya chenye bei bado pindoni. Mama yule alisimama wima, mikono imebana mwilini, hakutabasamu, maana picha ni jambo la heshima. Picha ilipochapwa alilibusu karatasi. Nilisogea, nikaomba na mimi nipigwe pale pale aliposimama.

Kisha umeme ulikatika. Mtaa wote ulizimika kwa pamoja, na kutoka kwa umati ikatoka sauti moja ndefu ya “aaah”. Nilidhani watu wataondoka. Kwetu giza ndilo linaloamuru. Hakuna aliyeondoka. Simu ziliwashwa, jenereta zikaanza kunguruma hapa na pale, na muuza duka mmoja akaunganisha mkufu wake wa taa kabla ya friji zake, kwa sababu watoto walikuwa wamebana mlangoni wakisubiri. Dirisha lake lilipowaka peke yake katika mtaa mzima, walimpigia makofi kama mchezaji aliyefunga bao. Baadaye umeme ulirudi, tukasonga mbele.

Tulimalizia kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali mekundu, kwa misa ya mkesha. Ndani palikuwa na pango la mtoto Yesu lililopambwa kwa majani mabichi na mkufu mmoja tu wa taa nyeupe. Ziliimbwa nyimbo za Kifaransa na za Kiswahili, ngoma zikaingia, na kina mama wakapiga vigelegele. Ngoma zile nilizijua. Kwa mara ya kwanza usiku wa Noeli nilikuwa naona nyuso za wanaoimba, kila moja, midomo na machozi. Kule kwetu tunaimba vizuri vilevile, lakini usiku wa Noeli sijapata kumwona jirani yangu akiimba. Namsikia tu.

Siku ya Noeli yenyewe ilipita kwa kula na kutembeleana, kama kila mahali. Jioni binamu yangu alinionyesha katika simu yake video ya Medellín, mji wa Colombia usiojua theluji. Tangu miaka ya 1960 shirika la umeme la mji huo hupamba mto na mitaa kwa taa kila Desemba, na watu wa tabaka zote huteremka kuzitazama bila kulipa. Niliitazama video ile mara mbili. Pale wenye shirika hilo wameamua kwamba sehemu ndogo ya umeme wao ni ya furaha ya wote, si ya wenye maduka peke yao. Taa nilizoziona mimi, nzuri jinsi zilivyo, zilitegemea ukarimu wa mwenye hoteli na mwenye duka, na pale maduka yalipoishia mwanga uliishia pia. Ardhi yetu ndiyo inayotoa shaba ya waya, kobalti ya betri na manganizi ya chuma, na mito yetu ndiyo inayozungusha mashine. Mkoa wenye vitu hivyo vyote unaweza kuwasha barabara moja ya kila mji wake kwa wiki mbili za mwisho wa mwaka, na Kisenge ni mji wake.

Nilipolisema hilo mezani, mjomba mmoja alinijibu kwa upole, “Mwalimu, kwanza dawa hospitalini, kwanza madawati.” Ana haki, na mimi wa kwanza nadai madawati. Lakini nimetembea usiku mitaani na nimeona taa zile zinafanya nini. Zinawatoa watu nje pamoja bila msiba wala mkutano, zinamfanya mchimbaji amvalishe mama yake kikwembe, zinamfanya mtoto aulize kwa nini maji huganda na buluu hutoka wapi. Miaka yote mwanga umekuja kwetu kwa ajili ya kutumikishwa, kwanza na kampuni, sasa na shida. Mtu anayejua mwanga wa kazi tu huja kuamini kwamba na yeye ameumbwa kwa kazi tu.

Kwa hiyo kabla ya kurudi nilikwenda na Baba Mdogo sokoni. Tulinunua mikufu ya LED, kibao kidogo cha sola na betri, akanichorea kwenye daftari namna ya kuviunganisha na namna ya kuvikinga na mvua. Nimeshamwambia padri na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Darasa la sita ndilo litakalofunga waya, liwe somo lao la sayansi, na taa zitawekwa kwenye mwembe ulioko kati ya shule na kanisa, mahali pasipo pa mtu mmoja. Mwisho wa mwaka ujao kwaya yetu itaimba chini yake, na kila mtu wa Kisenge atamwona jirani yake akiimba.